Majarida ya Wasaka Hazina na Mizani ya Kupokea Khabari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Wanavyuoni wetu walipopanga vitabu vya fiqhi waliweka mlango maalumu wa rikazi, yaani mali iliyofukiwa ardhini tangu zama za kale, na mlango mwingine wa luqata, yaani mali iliyopotea kisha ikaokotwa. Kwa muda mrefu milango hii miwili imekuwa ikisomeshwa haraka haraka, kwa kuwa ni watu wachache mno wanaofukua shamba wakakuta mtungi wa dirhamu. Hali hiyo imebadilika. Mashine ya kusakia vyuma ardhini, ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu kwetu huiita detekta, inauzwa madukani, na huko Uingereza na Marekani watu wengi huitumia kwa kujifurahisha tu siku za mapumziko. Wana vyama vyao, wana mashindano yao, na wana majarida yao.

Makala haya yanayahusu majarida hayo. Huko Uingereza yako mawili mashuhuri: Treasure Hunting, lililoanza mwaka 1977, na The Searcher, lililoanza mwaka 1985. Marekani nako majarida ya aina hii yalianza kutoka tangu miaka ya 1960. Yaliyomo ndani yake hayatofautiani sana: picha za vitu vilivyofukuliwa, ukurasa wa kuvitambua na kuvitia bei, majaribio ya mashine mpya, barua za wasomaji, khabari za sheria, visa vya hazina zilizopotea, na matangazo mengi ya biashara.

Huenda msomaji akauliza: hayo yanamhusu nini imamu wa msikiti au mwanafunzi wa chuo? Jawabu letu ni kwamba khabari ya kitu kilichotoka ardhini ni ushahidi, na juu ya ushahidi huo hujengwa hukmu ya mali: ni ya nani, itolewe nini, na nani ana haki ya kuidai. Ushahidi ukiwa mbovu, hukmu nayo huharibika, hata kama mufti ni hodari.

Hukmu inasimama juu ya mambo gani

Imepokewa katika Sahihi mbili, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) ameweka khumsi, yaani fungu la tano, katika rikazi. Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Imamu Malik, Imamu Shafi na Imamu Ahmad, wamesema kuwa rikazi ni mali iliyofukiwa na watu wa Jahiliyya. Imamu Abu Hanifa ameitanua maana yake hata ikaingiza madini. Ama luqata, hukmu yake iko katika hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (R.A.): muokotaji ajue chombo chake na kamba yake, kisha aitangaze mwaka mzima.

Basi vipi tutaipambanua rikazi na luqata? Mafakihi wametazama alama. Ikiwa juu ya sarafu kuna majina ya wafalme wa kabla ya Uislamu au sanamu zao, hiyo ni rikazi. Ikiwa juu yake kuna aya, au jina la Mtume, au la mmoja wa makhalifa, hiyo ni luqata, kwa sababu dhahiri yake ni mali ya Muislamu. Ibn Qudama katika al-Mughni ameongeza sura ya tatu: mali moja iliyochanganyika, baadhi yake ina alama ya Uislamu na baadhi alama ya ukafiri. Nayo pia ni luqata, kwani dhahiri ni kuwa ilifika mikononi mwa Muislamu, na haijulikani kuwa ilitoka.

Kisha wametazama mahali. Katika madhehebu ya Shafi, iliyopatikana katika ardhi mfu isiyo na mwenyewe ni ya aliyeipata. Iliyopatikana njiani au msikitini ni luqata. Na iliyopatikana katika milki ya mtu ni ya mwenye milki akiidai, la sivyo hurejeshwa kwa aliyemtangulia, mpaka ifike kwa yule aliyeihuisha ardhi ile mwanzo.

Kwa hiyo maswali ni matatu: kitu hiki ni nini na ni cha zama gani? Kimepatikana wapi na katika hali gani? Na kina thamani ya kiasi gani? Haya ndiyo maswali yale yale ambayo majarida ya wasaka hazina yanadai kuyajibu kila mwezi. Tutayapima kwa maswali hayo.

Mizani tunayoitumia

Wanazuoni wa hadithi wametufundisha kumpima mpokezi kwa mambo mawili: uadilifu wake, yaani ukweli na uchamungu wake, na dhabti yake, yaani uangalifu wake katika kuhifadhi na kufikisha. Mtu anaweza kuwa na la kwanza akakosa la pili. Abdullah bin Lahi'a, kadhi wa Misri aliyefariki mwaka 174 Hijria, alikuwa mtu mkubwa wa elimu. Hata hivyo wengi wamezidhoofisha riwaya zake, na imetajwa kuwa vitabu vyake viliungua akawa anachanganya.

Mafakihi nao, katika mlango wa shahada, wameongeza jambo la tatu: tuhuma. Shahidi ambaye ushahidi wake unamletea manufaa, kama mshirika anayemshuhudilia mshirika mwenzake katika mali yao, hapokelewi. Si lazima awe muongo. Kuukataa ushahidi wake si kumtukana, bali ni kuilinda haki.

Mizani hii ni ya haki kwa majarida tunayoyazungumzia, maana inatuzuia tusiyakatae yote kwa kosa la ukurasa mmoja, wala tusiyakubali yote kwa uzuri wa ukurasa mwingine.

Kukitambua kitu: hapa ndipo penye nguvu yao

Tuanze na jema lao. Katika kukitambua kitu kilichofukuliwa, majarida ya Uingereza yana faida kubwa. Mfukuaji hutuma picha, na mjuzi wa sarafu au wa vifungo na bizimu za kale humjibu. Kila mwezi msomaji huona vitu kumi au ishirini vya zama mbalimbali, akazoea kupambanua peni ya fedha ya karne ya 13 na ya karne ya 15. Wachapishaji wa Treasure Hunting wametoa pia vitabu kadhaa vya kutambulisha vitu vya namna hii. Vitu vingi vinavyoelezwa humo, kama mihuri ya risasi, njuga za farasi na vifungo vya wakulima, vilidharauliwa zamani na wataalamu wa makumbusho. Wapenzi hawa ndio waliovipa uzito.

Dhabti yao hapa ni nzuri kwa sababu kuna wa kuwasahihisha. Mwaka 1997 ulianzishwa Uingereza mpango wa serikali wa kusajili vitu vya kale vinavyopatikana na watu wa kawaida, na kufikia mwaka 2003 ulikuwa umeenea England na Wales nzima. Maafisa wake hukutana na wafukuaji, huvipima vitu, huvipiga picha na kuviandika katika daftari lililo wazi kwa kila mtu, ambalo sasa lina zaidi ya vitu milioni moja. Jarida likikosea tarehe ya kitu, daftari lipo na mjuzi yupo. Khabari yenye njia zaidi ya moja hupata nguvu, kama ilivyo katika hadithi.

Lakini kuna jambo ambalo picha moja haitoshi kulijibu, nalo linatuhusu sisi zaidi kuliko wao. Jumba la makumbusho la British Museum lina dinari moja ya dhahabu yenye maandishi ya Kiarabu, na ndani yake shahada ya Laa ilaaha illa Allah, na mwaka 157 Hijria, zama za Khalifa al-Mansur. Kwa alama zake mtu angesema ni mali ya Kiislamu. Lakini katikati ya maandishi hayo, yakiwa yamegeuzwa juu chini, yamechongwa maneno OFFA REX, yaani Mfalme Offa. Huyo alikuwa mfalme Mkristo wa Mercia, katikati ya England, katika karne ya 8. Mchongaji wake aliiga dinari ya Baghdad bila ya kujua kuisoma. Basi alama ni dalili, lakini dalili huhitaji mtu anayejua kuisoma, na jarida linaloandika chini ya picha "sarafu ya Kiarabu" kisha likanyamaza halijatupa kitu cha kujengea hukmu.

Mahali na hali: hapa ndipo penye mtihani

Swali la pili ni gumu zaidi. Jarida linapoonyesha kitu, kwa kawaida hutaja mkoa tu, na mara nyingi hata kijiji hakitajwi. Baadhi ya wakosoaji wameita jambo hili ufichaji. Sisi tunaona inafaa kutafautisha baina ya kuficha kwa umma na kuficha kwa mwenye haki.

Kuficha kwa umma kuna sababu yake. Katika miaka ya 1980 pale Wanborough, katika mkoa wa Surrey, palikuwa na mabaki ya hekalu la Kirumi. Mahali pale palipojulikana, watu waliingia usiku kwa makundi, wakachimba na kuiba sarafu nyingi zisizojulikana idadi yake. Uharibifu ule ni miongoni mwa sababu zilizopelekea Sheria ya Hazina ya mwaka 1996. Basi jarida linalokataa kutaja shamba la mtu linamkinga mwenye shamba na madhara, na kuondoa madhara ni kanuni tunayoijua.

Kuficha kwa mwenye haki ni jambo jingine. Kwa mujibu wa sheria hiyo, katika England na Wales, kitu kisicho sarafu chenye dhahabu au fedha angalau asilimia 10 na umri wa zaidi ya miaka 300, au sarafu mbili au zaidi za namna hiyo zilizopatikana pamoja, ni hazina. Lazima iripotiwe ndani ya siku 14 kwa mchunguzi wa vifo wa eneo lile, ambaye kwa desturi yao ya kale ndiye anayeangalia pia hazina. Tangu mwaka 2023 vimeongezwa vitu vya zaidi ya miaka 200 vyenye umuhimu wa pekee, hata kama si dhahabu wala fedha. Mtafutaji na mwenye ardhi kwa kawaida hugawana malipo.

Katika hili majarida ya Uingereza yanastahiki kusifiwa kwa haki. Mwaka 1980 wanaakiolojia wa huko walianzisha kampeni dhidi ya wenye detekta, na kwa miaka mingi pande mbili zilikuwa zikitupiana lawama. Ilipofika mwaka 2006 zilikubaliana juu ya kanuni za mwenendo mwema: chukua idhini kabla ya kuingia, usichimbe chini ya tabaka lililolimwa, ukikuta kitu kikubwa simama na uite wajuzi. Kanuni hizi zisingewafikia wafukuaji kama si kupitia vyama vyao na majarida yao.

Na matunda yake yameonekana. Mwaka 1992, huko Hoxne, mtu aliyekuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea aliangukia hazina ya Kirumi yenye sarafu karibu 15,000. Hakuimaliza kuichimba. Alitoa khabari, na wanaakiolojia wakaifukua ikiwa imepangika ndani ya sanduku lake. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko British Museum pamoja na hazina. Kinyume chake, mwaka 2015 karibu na Leominster watu wawili walifukua hazina ya zama za Waviking, wakaificha na kuiuza kwa siri. Mwaka 2019 walihukumiwa vifungo virefu, lakini sarafu nyingi zilikwisha potea. Na zile chache zilizorudi zilitosha kuonyesha kuwa historia ya wafalme wawili wa England ilikuwa inahitaji kuandikwa upya.

Hapa tunakumbuka riwaya aliyoitaja Abu Ubayd katika Kitab al-Amwal, kutoka kwa ash-Sha'bi: mtu mmoja alikuta dinari 1,000 zimefukiwa nje ya Madina akazileta kwa Umar bin al-Khattab (R.A.). Umar akachukua 200, nazo ni khumsi, na zilizobaki akampa mwenyewe. Sanadi yake ina mkatiko, kwani ash-Sha'bi hakupokea kutoka kwa Umar moja kwa moja, lakini maana yake inaafikiana na asili ya mlango: aliyepata alikuja mwenyewe na mali yote.

Mfano wa mas-ala moja

Tutoe mfano ili msomaji aone namna mahali na hali zinavyoigeuza hukmu. Mwaka 2007, karibu na Harrogate kaskazini mwa England, baba na mwanawe walikuta kikombe cha fedha kilichopakwa dhahabu, kimejaa. Hawakukimwaga wala hawakukisafisha. Walikipeleka kama kilivyo, kikapigwa eksirei kisha kikafunguliwa kwa uangalifu. Ndani na pembeni yake mlikuwa na sarafu 617, pamoja na vipande vya fedha na bangili. Nyingi zilikuwa za wafalme wa England, lakini zilikuwemo pia dirhamu za Kiislamu, baadhi yake zimepigwa Samarkand. Hazina hii, ijulikanayo kama Vale of York, ilifukiwa kiasi cha mwaka 927 au 928.

Tukichukua alama peke yake, hii ni ile sura ya Ibn Qudama: mali iliyochanganyika, basi ni luqata, na mtu angeambiwa atangaze kwa ajili ya Muislamu aliyepoteza. Lakini tukitazama hali nzima, yaani chombo chenyewe, vipande vya fedha vilivyokatwa kwa kupimwa, na sarafu za wafalme wa Kikristo, tunaona mali ya Waviking, ambao walipokea dirhamu kwa biashara kupitia mito ya Urusi na wakazitumia kama fedha ya kupimwa kwa uzito. Illa aliyoitaja Ibn Qudama ni kuwa haijulikani kuwa mali ile ilitoka mikononi mwa Waislamu. Hapa kuna qarina yenye nguvu kwamba ilitoka. Hatutoi fatwa katika hili, tunawaachia wenye kazi hiyo. Tunachosema ni kwamba qarina hii isingepatikana lau wawili wale wangekimwaga kikombe, wakatia sarafu mfukoni, na jarida likachapisha picha ya dirhamu moja iliyong'arishwa juu ya kitambaa cheusi.

Na hapa ndipo kosa la majarida haya lilipo. Hata yanapokuwa na ukweli, hupenda kitu kikiwa peke yake. Mashindano ya kitu bora cha mwezi hutazama uzuri wa kitu, na hali kilimopatikana hupewa mstari mmoja au hupewa sifuri. Msomaji mchanga hujifunza bila ya kuambiwa kwamba kilicho muhimu ni kile kinachong'ara.

Bei na mashine: hapa tuhuma ni kubwa

Katika thamani, tunawanasihi wasomaji wasitegemee jarida hata kidogo. Bei inayotajwa kwa kutazama picha haikupima uzito, haikuchunguza kama kitu ni cha kughushi, wala haikuona mikwaruzo ya upande wa pili. Na mtiaji bei mara nyingine ni mfanyabiashara wa vitu hivyo hivyo. Ikiwa Imamu Shafi katika kauli yake mpya ameshurutisha nisabu katika rikazi, basi mtu hawezi kuijua nisabu yake kwa makadirio ya gazeti. Aende kwenye mizani ya sonara. Na katika hazina za kisheria huko Uingereza ipo kamati maalumu ya kuthaminisha, ambayo kauli yake ndiyo inayofuatwa.

Ama majaribio ya mashine, hapo tuhuma imekaa wazi. Jarida huishi kwa matangazo, na watangazaji wakubwa ni watengenezaji na wauzaji wa detekta. Mara nyingi mashine huazimwa kutoka kwa muuzaji, ikajaribiwa na mtu mmoja, katika shamba moja, kwa siku chache, bila ya kulinganishwa na nyingine mahali pale pale. Kisha ukurasa wa pili yake hubeba tangazo la mashine ile ile. Hatusemi kuwa mwandishi amedanganya. Tunasema ni shahidi mwenye manufaa.

Na mwenye kujua namna mashine inavyofanya kazi ataona kwa nini jaribio moja halitoshi. Kichwa cha mashine hutoa uga wa sumaku unaobadilika, nao huamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya chuma kilichofukiwa, na mashine husikia mwitiko wake. Mwitiko huo hutegemea ukubwa wa kitu, umbo lake, kina chake, chumvi na madini ya udongo, na unyevu wa siku ile. Pete nyembamba ya dhahabu na kifuniko cha kopo la soda huweza kutoa namba moja. Anayeandika kuwa mashine yake "haikosei dhahabu" amesema jambo ambalo maumbile ya kitu hayaruhusu.

Baya zaidi ni matangazo ya vyombo vinavyodaiwa kuonyesha dhahabu kutoka mbali, kilomita nzima, kwa kushika mpini wenye kijiti kinachozunguka. Vyombo hivi vimetangazwa kwa miaka mingi kwa wasaka hazina, hasa Marekani, na ni batili. Visidhaniwe kuwa ni mchezo wa kuwala watu fedha tu. Chombo kilichoitwa ADE 651, kilichouzwa kwa serikali ya Iraq kama cha kugundua mabomu, kilitokana na kijiti cha kuchezea kilichouzwa kama cha kutafutia mipira ya gofu. Ndani yake hamkuwa na kitu kinachofanya kazi. Muuzaji wake, Muingereza James McCormick, alihukumiwa mwaka 2013 kifungo cha miaka 10. Lakini kwa miaka kadhaa kabla ya hapo magari yenye mabomu yalipitishwa vizuizini Baghdad kwa kutegemea kijiti kile, na waliouawa hawahesabiki kirahisi. Mhariri anayeuza ukurasa wake kwa chombo cha aina hiyo, kisha akasema tangazo si maneno yake, ajue kuwa kusaidia katika ghushi kuna sehemu yake ya dhambi.

Visa vya hazina zilizopotea: Ibn Khaldun alitutangulia

Sehemu ya mwisho ni visa: sanduku la dhahabu lililofukiwa na mnyang'anyi chini ya mti, mgodi uliosahauliwa, ramani ya mzee aliyefariki. Majarida ya Marekani ndiyo yaliyozidi kwa haya. Visa hivi havina sanadi kabisa. "Inasemekana" hufuatwa na "wazee wanasimulia", na jarida hunakili kutoka kwa jarida.

Wanavyuoni wetu walikwisha kulikata jambo hili. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 779 Hijria (1377), ameweka faslu ya kubainisha kuwa kutafuta mali katika mafukizo na hazina si njia ya kimaumbile ya kupata maisha. Ameeleza kuhusu wanafunzi wa Kimaghribi walioshindwa kufanya kazi, wakawa wanawaendea matajiri na karatasi zilizochanika pembeni, zenye maandishi ya kigeni, wakidai ni maelezo ya hazina yaliyoachwa na wenyewe. Kisha huomba gharama za kuchimba. Na hoja yake dhidi yao ni nyepesi na kali: mtu anayefukia mali yake na kuifunga kwa hila zote amekusudia isipatikane. Vipi basi aandike alama zake katika karatasi, isomwe na watu wa kila zama na kila mji? Huu ni ukosoaji wa matini bora kabisa, na unafaa kwa kila kisa cha ramani kilichochapishwa tangu hapo hadi leo.

Misri ilikuwa hata na kitabu mashuhuri cha namna hii, ad-Durr al-Maknuz, kilichoorodhesha hazina na uvumba wa kuzifungulia. Mwaka 1907 mtaalamu wa mambo ya kale wa Kimisri, Ahmad Kamal, alikichapisha huko Cairo pamoja na tafsiri ya Kifaransa. Kwa karne nyingi waliokiamini walikuwa wamevunja kuta na makaburi ya kale kwa kukifuata. Kuchapishwa kwake kulimwezesha kila mtu kukiona ubatili wake kwa macho yake.

Na sisi wa pwani na bara tusijione tumesalimika. Tanzania bado watu huchimba karibu na majengo ya Wajerumani kwa kufuata ramani na maneno ya waganga. Ni kweli kuwa mwaka 1916 Wajerumani walipiga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya ndovu. Lakini ukweli wa sarafu hauthibitishi kisa cha sanduku. Hazina ya kweli ya kwetu ilipatikana kwa njia nyingine: mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimiyya. Dinari zile ndizo zilizosaidia kuzijua zama za sarafu za fedha. Lau mtu angeziuza dinari kwa sonara, watawala wale wangebaki majina yasiyo na tarehe.

Khitimisho

Baada ya kuyapima haya, tunawausia ndugu zetu mambo manne.

Kwanza, anayesoma majarida haya achukue kutoka kwao elimu ya kutambua vitu, akiithibitisha kwa daftari la usajili au mjuzi wa makumbusho. Hapa wana haki ya kushukuriwa.

Pili, asichukue sheria ya nchi moja akaitumia katika nyingine. Kinachoruhusiwa England kwa idhini ya mwenye shamba ni kosa Ireland, ambako tangu mwaka 1987 kutafuta vitu vya kale kwa detekta bila ya kibali kumekatazwa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Na idhini ya mwenye ardhi na masharti yake ni mkataba, na Muislamu hufungika na mkataba wake.

Tatu, majaribio ya mashine na bei za vitu ayasome kama asomavyo maneno ya dalali sokoni: huenda yakawa kweli, lakini hayajengewi hukmu.

Nne, imamu atakayeulizwa kuhusu mali iliyotoka ardhini asijibu kwa kuonyeshwa picha. Aulize: ilikuwa ndani ya nini? Pamoja na nini? Katika ardhi ya nani? Nani alikuwepo? Akikosa majibu, kusema "sijui" ni nusu ya elimu.

Mtume (S.A.W.) alipomfundisha muokotaji hakuanza na thamani ya mali. Alianza na chombo chake na kamba yake, yaani vile vitu ambavyo mwenye pupa huvitupa kwanza ili aifikie fedha iliyo ndani. Jarida litakalowafundisha wasomaji wake kuhifadhi chombo na kamba kabla ya kuipigia picha sarafu, hilo tutalipokea khabari zake.

Wallahu a'lam.